Mlango wa Severina

Siku Ignas alipovunjwa mkono, kijiji kizima kiliuhurumia mkono. Hakuna aliyeuliza mkono ule ulikuwa unatafuta nini kwenye bawaba za mlango wa mwanamke mzee, asubuhi, uji wake ukiwa bado jikoni. Mimi niliuliza, tena kwa sauti, ndiyo maana wananiita mkorofi. Sawa. Mkorofi nitawaeleza.

Severina alikuwa jirani yangu tangu nilipoolewa. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya bonde ukitoka Kinampanda, na Mungu alipokuwa anagawa udongo nadhani sisi tulichelewa, tukapewa mawe. Yeye alinitangulia kuolewa hapa, na mtu mmoja aitwaye Isaka, na hakuzaa. Kwa watu, hiyo ndiyo ilikuwa habari yake yote. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto; mimi ni Mama Ritha hata kwa mama mkwe wangu. Severina alibaki Severina mpaka mvi zikamwingia, kama binti ambaye hajatoka kwao. Mimi nilimwita dada.

Isaka alianza na maneno, akaenda kwenye makofi, akafika kwenye mpini wa jembe. Meno mawili ya mbele ya Severina yaliishia kwenye mpini huo. Wakati ule nyumba yao ilikuwa na mlango wa fito, na Isaka akilewa hakuwa na desturi ya kuufungua, aliuvunja na kupita. Tulikuwa tunasikia fito zinakatika, halafu tunamsikia Severina. Baadaye akaenda kuoa upande wa Mgori, tukashukuru, lakini hakutulia huko. Kila baada ya mavuno alirudi kumpiga yule aliyemwacha, kana kwamba kipigo nacho ni shamba la kurudiwa. Wazee wa ukoo walisema ni mambo ya ndani. Nawakumbuka kwa majina, na wengine bado nawaamkia.

Ndipo Severina akaingia kwenye mawe. Nyuma ya nyumba yake kuna jabali kubwa ambalo hakuna mtu aliyewahi kuona faida yake. Yeye alilipangia kuni juu, akalichoma kutwa nzima, kisha akalimwagia maji ya baridi. Jiwe lilipasuka kwa mlio uliowafanya mbuzi wangu wakate kamba. Baada ya hapo ilikuwa ni nyundo tu: kubwa kuwa ndogo, ndogo kuwa kokoto. Mafundi wa Kiomboi walikuja kuchukua na lori. Moshi ule ulimla macho yakawa mekundu mwaka hadi mwaka, na mikono yake ikawa migumu kiasi kwamba akikushika mkono wa salamu unajihesabu vidole.

Kitu cha kwanza alichonunua kwa kokoto hakikuwa kanga wala godoro. Alinunua mlango. Mlango wa mninga, mbao nene, wenye komeo la chuma kwa ndani. Aliuleta kutoka Kiomboi kichwani, juu ya ngata, kwa sababu hakumwamini dereva yeyote. Isaka aliporudi msimu ule akaupiga teke kama alivyozoea, akavunjika kidole cha mguu. Alikaa pale nje akitukana mpaka jua linazama, sisi tukiwa uani tunajiziba midomo kwa kanga, kisha akachechemea akaenda zake. Hakurudi tena. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyempiga Severina ndani ya nyumba yake. Jioni nilikuwa nasikia lile komeo likiingia, kwaa, na mimi mwenyewe nilikuwa nalala vizuri zaidi.

Huo ndio mlango. Sasa niwaambie habari ya shule.

Watoto wetu ni wengi, hilo sikatai, wengine ni wangu. Darasa la kwanza walikuwa wanasomea chini ya paa la mabua na mvua ikinyesha wanarudi nyumbani. Elimu ni bure, lakini ukuta haukuwa bure. Tukaambiwa wananchi tuinue boma mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, halafu halmashauri itapaua. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Nathan, akaitisha mkutano: kila kaya ilete mawe ya msingi na rundo la kokoto, na siku za msaragambo kila mtu atoke kujenga.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mzee mmoja ambaye wanawe wako Dar es Salaam alisimama akasema wake walishasoma, yeye amemaliza, waliobaki na watoto wabebe mzigo wao. Mwingine akasema na wasiozaa je? Watabebaje mawe ya mtoto ambaye hawakumbeba mgongoni? Vicheko vikapita, macho yakageukia nyuma, alipokaa Severina.

Severina alisimama. Hakuwa msemaji. Alisema, "Yule muuguzi wa zahanati sikumzaa mimi, lakini sindano yake inaniingia. Shule ni kama kisima. Huulizwi una watoto wangapi ndipo uchimbe. Mimi natoa."

Akakaa. Yule mzee wa Dar es Salaam akatazama kofia yake. Nathan akasema mmeona, huyo mama ametufundisha, na mkutano ukapitisha kwamba hakuna kaya itakayosamehewa, mwenye watoto na asiye nao. Nataka mkumbuke kwamba azimio lile alilipitisha yeye, kwa mdomo wake wenye pengo.

Na alitoa. Wengine tulikwenda mtoni kuokota vijiwe vya mviringo, vile vya kuzugia. Yeye alichoma jabali lake, akapeleka mawe yaliyovunjika vizuri, meusi upande wa moto na mekundu ndani, karai baada ya karai, mpaka rundo lake likawa refu kuliko ya wenye watoto saba. Msingi ule umekaa juu ya mawe yake. Ukitaka kuona, nenda kaangalie, weusi wa moto haujafutika.

Sasa sikilizeni adabu ya watoto wetu. Barabara ya kisimani inapita pembeni ya uwanja wa shule. Severina akipita na ndoo yake, wanasimama. "Shikamoo bibi!" "Marahaba wanangu." Halafu akishawapa mgongo, jiwe. Kwetu mtoto hamrushii mtu mzima jiwe kabla ya kumwamkia. "Mchawi! Macho mekundu!" Mwanamke mzee, macho mekundu, hana mtoto wa kumtetea: kesi yake ilikuwa imeshasikilizwa majumbani kwetu, watoto walikuwa wanatekeleza hukumu tu. Na mawe hawakuyatoa mbali. Rundo lilikuwa pale pale uwanjani, yamevunjwa vizuri, yana ncha, yanaenea kwenye kiganja.

Nilimkuta siku ile amekaa kwenye mzizi njiani, ndoo imemwagika, damu inapita kati ya vidole alivyofunika jicho la kushoto. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika jiwe.

"Dada, nani kakufanya hivi?"

"Tazama," akasema, akanifungulia kiganja. Upande mmoja jeusi, ndani jekundu. "Ni langu."

Muuguzi alifanya alichoweza, jicho halikupona. Nilirudi nyumbani nikamshika binti yangu Ritha, nikamcharaza fimbo mpaka akawataja wenzake wote, na yeye akiwemo. Kisha akaniambia huku analia kwamba mwalimu alikuwa amesimama mlangoni anaangalia. Nikamwongeza moja kwa ajili ya mwalimu. Najua mnachotaka kusema. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi nilikuwa nafunza kwa fimbo ileile ambayo watoto wanaifahamu kuliko alfabeti. Lakini nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Boma likafika kwenye lenta. Nathan akaitisha mkutano mwingine: sasa kokoto za sakafu, kila kaya kama mwanzo. Severina akasimama, kitambaa kimefunika jicho.

"Mimi sitoi."

Kelele zikazuka. Eti sasa tumekujua. Eti asiyezaa hana uchungu. Eti mwanzo alijifanya. Nathan akainua mkono, akamuuliza kwa upole, maana kwa maneno Nathan ni mpole sana, "Mama, si wewe uliyetuambia shule ni kisima?"

"Nilisema. Na kisima nilichimba. Sikusema nitatoa mawe ya kunipigia." Akatoa lile jiwe kwenye fundo la kanga akaliweka mezani mbele ya Nathan. "Hili limetoka kwenye rundo langu, limeingia kwenye jicho langu. Siku mtakaponiambia mtoto gani amekanywa na mzazi gani, siku hiyo nitachoma jabali lote."

Ilikuwa ni hivyo tu. Hakuomba alipwe jicho. Alitaka mtu mmoja asimame aseme, mwanangu amekosa. Nilisimama mimi, nikasema wangu amekosa, nimemchapa. Nikakaa nikingoja wa pili. Mpaka leo nangoja.

Nathan akalisogeza jiwe kwa kidole, akasema watoto ni watoto, na azimio ni azimio. Mtendaji wa kijiji akasema asiyetoa mchango anakamatiwa mali. Wakatazamana: Severina ana mali gani? Sufuria mbili, mbuzi mmoja, nyundo. Ndipo mtu mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kutania, "Ana mlango."

Hilo ndilo kosa letu, na ni la hapa hapa kwetu. Mgambo wa kwingine huchukua kuku. Wetu walishazoea kuchukua mlango, kwa sababu kuku unaweza kumkimbiza porini, na mtu asiye na mlango atakuja mwenyewe ofisini kabla jua halijazama. Ni mtego mzuri. Hakuna aliyekumbuka mlango ule ulikuwa umemzuia nani.

Walikuja mgambo watatu, Ignas mbele na mtaimbo, mtendaji nyuma yao. Ignas ni kijana wa hapa, nilimbeba mgongoni mama yake alipokuwa mgonjwa. Niliwaona wakipita uani kwangu nikawafuata.

"Shikamoo bibi," akasema Ignas.

"Marahaba. Usiuguse."

"Bibi, ni amri ya ofisi. Utarudishiwa ukitoa kokoto."

"Ignas, nakuambia usiuguse mlango wangu."

Akaingiza mtaimbo kwenye bawaba ya juu, mkono wa pili akaushika ubao kuuzuia usianguke. Severina hakupiga kelele. Aliinua ile nyundo ya kupasulia jabali, akaishusha juu ya mkono ulioshika ubao. Nilisikia mifupa. Najua mlio wa jiwe likipasuka, na huu ulikuwa mlio wa kitu kibichi. Ignas akakaa chini, akautazama mkono wake uliokuwa umelala vibaya, ndipo akaanza kulia kama ndama.

Wale wawili wakamvamia. Akanyang'anywa nyundo ikatupwa ukutani, akaangushwa, wakampiga mateke kwa viatu vile vya mgambo, tumboni, mbavuni, mgongoni. Nilimrukia mmoja nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu yake, akanirusha kwenye mafiga. Nilipoinuka walikuwa bado wanapiga. Walikuwa wanampiga kwa zamu, mmoja akihema mwingine anaendelea. Mtendaji alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, anasema "Inatosha, inatosha," kwa sauti ambayo mtu hutumia kumkaribisha mgeni chai. Waliacha walipochoka. Wakang'oa mlango, wakauweka begani, na Ignas akawafuata ameukumbatia mkono.

Ofisi ya mwalimu mkuu haikuwa na mlango. Kufika jioni ilikuwa nao, wa mninga.

Nilimwambia Severina aje alale kwangu. Alikataa. Alisema akiondoka wataezua na bati. Nikamtundikia gunia mlangoni. Lakini kwetu kuna fisi, na fisi hajui kubisha hodi kwenye gunia. Siku iliyofuata, alfajiri, nilisikia mbuzi akilia ndani ya nyumba yake, nikakimbia na panga. Gunia lilikuwa chini. Fisi alikuwa amemshika mbuzi paja, anamvuta kwenda nje kinyumenyume, na Severina amemshika mbuzi yuleyule pembe, anavutwa pamoja naye kifudifudi kwenye mavumbi, mbavu zake zilizovunjika zikisagwa chini. Nilimpiga fisi panga la kiuno. Hakuachia. Aliondoka na paja zima, akatuachia mbuzi aliyebaki akitetemeka mpaka nikamchinja. Tulikaa pale wawili, tumelowa damu ya mbuzi, jua linatoka. Severina akakohoa, akatema, na kile alichotema hakikuwa cha mbuzi.

"Twende zahanati, dada."

"Kwanza mlango," akasema.

Hakupewa mlango. Alitembea mpaka ofisini, amejishika ubavu, akaambiwa alete kokoto na amwombe Ignas msamaha. Nilikwenda kituo cha polisi nikaeleza. Walinisikiliza, wakaniuliza kama huyo bibi ana ndugu.

Basi akafanya hivi. Alikuwa bado lazima ateke maji, kwa hiyo bado alipita pale uwanjani, na watoto walikuwa bado wana adabu zao. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Jiwe. Tofauti ni kwamba sasa kila jiwe lililompata aliliinamia akaliokota, likaingia kwenye karai. Anapigwa, anaokota. Akifika nyumbani karai ni zito kuliko ndoo. Makubwa ya jabali aliyaweka chini mlangoni, na yale ya kurushiwa akayapanga juu na kuziba nyufa. Kila jioni alijijengea ukuta kwa ndani mahali pa mlango. Kila asubuhi aliubomoa akatoka. Nilikuwa sisikii tena komeo, nilisikia mawe yakiwekwa moja moja, na katikati yake kikohozi.

Nilisimama pale njiani na fimbo mara kadhaa. Watoto wangu mimi waliacha. Wa wenzangu walisubiri niondoke.

Asubuhi moja ukuta haukubomolewa. Nilipika uji, nikalisha watu, nikatazama tena: mawe yako palepale. Nikaenda nikaita.

"Hodi! Dada Severina!"

Nikasikia, kwa mbali sana, "Karibu." Hata pale hakuacha kumkaribisha mtu.

Nilipiga yowe, kijiji kikaja. Tukayang'oa mawe kwa mikono, wanaume kwa wanawake, na kila mtu aliona weusi wa moto kwenye kila jiwe. Ignas alikuwepo, mkono umefungwa kwa kanga shingoni, akivuta mawe kwa mkono wa kushoto. Ndani Severina alikuwa amelala chini karibu kabisa na ukuta wake. Jana yake jiwe lilikuwa limempata ubavuni, pale pale mgambo walipopavunja. Kanga yake ilikuwa nyekundu kuanzia mdomoni mpaka kifuani.

"Apelekwe zahanati," akasema Nathan. "Leteni kitu cha kumbebea."

Shule ndiyo ilikuwa karibu. Vijana wakakimbia, wakarudi wamebeba mlango wa mwalimu mkuu. Wakauweka chini kando yake. Jicho lake moja likauona.

"Wangu huo."

"Ndiyo, mama," akasema Nathan, "tunakuweka juu yake twende."

"Ufungeni."

"Mama, muda hautoshi."

"Ufungeni mahali pake." Akashika ukingo wa ubao kwa mkono ule mgumu, na wanaume wawili hawakuweza kumbandua.

Walibishana. Mimi sikubishana, kwa sababu nilishaona kucha zake na midomo yake vimepauka, na nilijua hakuna zahanati ya kuuzuia mwisho ule. Nilichukua nyundo yake pale ukutani nikampa Ignas. Aliitazama. Ndiyo nyundo iliyomvunja. Vijana waliushikilia mlango, na Ignas akazipigilia bawaba kwa mkono wa kushoto, misumari inapinda, anainyoosha, machozi yanamtoka na kamasi, hakuna aliyemcheka.

Ulipokaa sawa Severina akasema watoke. Akaniambia mimi nibaki.

"Mama Ritha, weka komeo."

Nikalisukuma. Kwaa. Akafumba jicho akasikiliza ule mlio mpaka ukaisha.

"Nje kuna mtu?"

Nje kilikuwepo kijiji kizima, nilikuwa nasikia wanavyohema.

"Hakuna mtu, dada," nikamwambia. "Lala."

Alikufa kabla ya adhuhuri, nimemshika mkono, mlango umefungwa.

Mtu kwetu hutengenezewa jeneza na wanawe. Mbao zilizokuwepo kijijini zilikuwa za kupaulia darasa, na Nathan alisema hizo ni mali ya umma, hawezi kuzigusa. Basi tukamwosha, tukamvika shuka, tukamfunga kwenye mkeka. Likabaki la kumbeba mpaka makaburini. Nathan akakohoa, akasema jambo liko wazi, mlango si upo? Ung'olewe, ukishamfikisha utarudi shule.

Nilisimama mlangoni. Nyundo nilikuwa nayo. Sijawahi kumuua mtu, na siku ile nilikuwa tayari, na Nathan aliliona hilo usoni kwangu, akarudi nyuma mpaka akamkanyaga mtendaji.

"Atakayegusa bawaba hizi," nikasema, "nitampasua kichwa hapa hapa, aliyezaa na asiyezaa."

"Sasa tumbebe na nini, Mama Ritha?"

"Shule itoe. Yeye alitoa."

Ignas akaondoka peke yake kuelekea shuleni. Tulimsubiri juani. Alirudi ameegemeza ubao wa darasa la pili mgongoni, ule mweusi wa kuandikia, anauburuta kwa mkono mmoja, na hesabu za asubuhi ile bado ziko juu yake. Watoto walikuwa wametoka nje ya darasa, wamesimama kimya kando ya rundo la mawe. Hakuna aliyemwamkia mtu.

Tukamlaza juu ya zile hesabu, wanaume sita wakabeba. Tulipomtoa kwenye ubao kumshusha kaburini, chaki ilikuwa imeshika kwenye shuka, mgongoni kote, kujumlisha na kutoa, mwandiko wa watoto wetu. Mama mmoja akataka kuipangusa kwa kanga. Nikamshika mkono, tukamzika nayo.